Ngome Tatu kwa Siku Moja

Mundhiri aliandika nyuma ya risiti ya petroli:
Nizwa saa tatu, Bahla saa sita,
Jabrini kabla ya alasiri.
Mvua haikuisoma.

Tulipofika Samaili waipa zilikuwa zinalia
kama watoto wawili wanaogombea kioo kimoja.
Shangazi Shinuna, kiti cha nyuma,
chupa ya chai ya tangawizi mapajani,
akatazama nje, akatazama tena.
"Hii ndiyo mvua mliyonitisha nayo?
Kwa hii, Wete, hata nguo hatuanui."

Nizwa, mnara ulikuwa umevaa wingu hadi mabegani.
Ilikuwa Ijumaa, na mnada umevunjika:
mbuzi mmoja amesimama chini ya mwavuli wa mwenyewe,
mwenyewe analowa.
Ngomeni mlinzi akatuonyesha tundu juu ya mlango
walipokuwa wakimmwagia adui
asali ya tende inayochemka.
Sasa tundu linavuja, tone, kimya, tone,
juu ya kofia ya mtalii anayesoma kibao.
Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.
"Imemsahau adui," akasema,
"kazi haijaisahau."

Bahla, Mundhiri akapunguza mwendo, akapunguza na sauti.
Watu husema mambo ya Bahla:
msikiti uliohama usiku, punda aliyewahi kuwa mtu.
Ukuta wa udongo ulitufuata maili nzima,
mweusi kwa maji, mlaini kama mkate uliochovywa,
na mimi nikawa nauhurumia,
maana nilidhani udongo na mvua ni maadui.
Shangazi akashusha kioo. Mvua ikaingia ndani.
Akauambia ukuta, kwa Kiswahili, polepole,
kama mtu anayesalimia jirani mgomvi:
"Mimi natoka Pemba. Tusisumbuane."
Tukapita salama.

Jabrini ilikuwa imefungwa.
Nilitaka kuona chumba cha farasi.
Wanasema imamu alimpandisha farasi wake ghorofani,
na tangu darasa la nne nina swali moja tu:
alimshushaje?
Nikachungulia kwenye ufa wa lango.
Ua. Dimbwi. Ngazi inayokata kona, gizani.
Mgongoni Mundhiri anapiga honi, risiti mkononi,
wino umeyeyuka, saa zote zimekuwa buluu.

Kurudi, wadi ilikuwa imeshuka.
Barabara imekatika, maji yana rangi ya chai ya maziwa,
na nguzo ya vipimo imezama hadi pale pekundu.
Magari thelathini, pengine arubaini.
Wala hakuna aliyekasirika!
Wazee wamepandisha kanzu, watoto wanakimbia,
kijana mmoja anawagawia kahawa watu asiowajua,
simu zimeinuliwa kama kwenye harusi.
"Kwetu mvua humrudisha mtu ndani," nikasema.
"Huku humtoa."

Shangazi hakushuka.
Alikuwa amefumba macho.
"Mwaka ule nilipoletwa Maskati," akasema,
hakuniambia mimi, labda aliiambia chupa,
"miezi kumi na minne sikusikia bati likilia.
Kisha usiku mmoja nikaona maji dirishani,
barazani maji, uani maji,
na juu ya kichwa changu kimya. Zege.
Nikadhani nimekuwa kiziwi.
Nikapiga kofi, nisikie."

Mundhiri akazima redio.
Akazima waipa, akazima injini,
na paa la gari, bati jembamba la Kijapani,
likaanza.

Mbele yetu wekundu wa nguzo ulikuwa umeanza kutoka majini.
Magari yakawashwa, moja, jingine.
Nyuma yetu mtu akapiga honi, kwa adabu,
halafu bila adabu.
Mundhiri alishika ufunguo,
akanitazama mimi kwenye kioo,
akauachia.